Sitara Juu ya Kitanda cha Mama

Jumamosi ile Dada wa Maabara alikaa kwenye duka la kamera za ulinzi karibu saa mbili, akauliza maswali mpaka fundi akavua miwani na kuipangusa mara tatu.

Mtaani sote tulimwita hivyo, Dada wa Maabara, kwa sababu ni mikono michache sana ambayo hakuwahi kuitoboa kwa sindano yake ya kuchukulia damu. Alikuwa mtu wa kuamini kinachoonekana chini ya lenzi. Mgonjwa akimwambia, "Nahisi ni tumbo tu," yeye hujibu, "Wewe hisi, mimi ngoja nione." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa.

Fundi naye aliitwa Fundi Waya. Daima kipande cha waya kilikaa nyuma ya sikio lake, kama kalamu ya seremala.

"Unataka za waya au zisizo na waya?" alimuuliza.

"Zipi haziongopi?"

Fundi Waya akacheka. "Kamera haiongopi, Dada. Hunyamaza tu. Zisizo na waya hunyamaza mtandao ukisumbua. Za waya hunyamaza umeme ukikatika, na hilo tunaliwekea betri."

"Basi za waya. Na betri."

"Zenye kusikia, au za kuona tu?"

Hapo alifikiri kidogo. Mama yake hakuwa ametamka neno tangu kiharusi kilipompiga, miaka miwili iliyopita. "Za kuona tu," alisema. "Nikisikia nitasikia nini? Msaidizi akiimba?"

Fundi hakuuliza zaidi, naye hakueleza. Aliona haya. Mtu mzima mwenye shahada ukutani atasemaje kwamba ananunua kamera kwa sababu ya nywele?

Ilianza hivi. Wiki tatu nyuma mashine ya maabara iliharibika, wakaruhusiwa kuondoka saa tisa. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake amelala chali kama kawaida, macho yakitazama dari, na kichwani, juu ya sikio la kulia, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari mitatu. Mizuri. Myembamba, iliyonyooka, imebana.

"Mama Pacha, umemsuka mama?"

Mama Pacha ndiye aliyekuwa msaidizi, mwanamke wa makamo mwenye watoto pacha waliokwisha kuoa. Alikuwa mcheshi, mwenye nguvu za kumgeuza mgonjwa kama anageuza mto, na kichwa chake mwenyewe alikinyoa kipara. Ukimtania hujibu, "Nimejipunguzia kazi." Siku ile hakutania. Alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Si mimi, Dada."

"Ni nani, sasa?"

"Si mimi," alirudia, akaenda kumwaga maji.

Kesho yake Dada alirudi saa yake ya kawaida, saa kumi na mbili. Nywele zilikuwa zimefumuliwa, lakini zina mawimbi, kama nywele zilizotoka kwenye msuko sasa hivi. Hivyo hivyo kesho kutwa. Na kitana hakikuwa na unywele hata mmoja, ilhali nywele za mgonjwa hutoka kila unapozigusa. Mtu anayemsuka mama yako kwa siri, akamfumua kwa siri, na zile zinazong'oka hazionekani, anazipeleka wapi? Dada hakuamini uchawi. Lakini wapo wanaouamini na kuufanya, na hilo lilimtosha kukosa usingizi.

Fundi Waya alikuja mchana huo huo na ngazi, drili, na boksi la kamera tatu: ya geti, ya sebule, na ya chumba cha mama. Alitoboa ukuta kwa upole, akashika kikombe chini ya drili kukinga vumbi lisimwangukie mgonjwa. Ya chumbani aliifunga kwenye kona, juu ya kabati, ikawa inaona kitanda, dirisha lenye nondo na mlango.

Kisha akawapanga kwa majaribio. Dada ashike simu atazame, Mama Pacha apite mbele ya kila kamera.

"Tembea kama mwizi, Mama Pacha."

"Mwizi hutembeaje, mwanangu?"

"Mwizi mzoefu? Kama mwenyeji."

Mama Pacha akajitia kifua mbele, akaingia sebuleni akisalimia viti, "Hamjambo? Hamjambo?" Wakacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja.

Chumbani kicheko kilipungua. Dada aliangalia simu, akamwona mama yake humo, mdogo, kanga imemteremka begani. Akageuza simu haraka, kama aliyechungulia bafuni.

"Fundi, kitanda hicho kisionekane. Mama anaogeshwa pale. Anavuliwa pale."

"Hilo lipo. Tunaita sitara." Fundi akachukua simu, akapitisha kidole, na pande jeusi la pembe nne likafunika mto. "Niishie wapi?"

"Kitanda chote. Na kigoda hapo kichwani, anapokaa Mama Pacha akimwogesha."

Pande jeusi likatanuka, likameza kitanda, likameza kigoda.

"Ila uelewe," Fundi Waya alisema. "Mashine hairekodi kilicho chini ya sitara. Hata ukija kuiondoa baadaye, nyuma yake hutakuta kitu. Ni kama hakikutokea."

"Ndivyo ninavyotaka. Ni mama yangu."

"Lakini mlango utauona. Wewe hesabu tu. Walioingia, walitoka wangapi."

Hesabu hiyo ilimridhisha Dada. Ndiyo hesabu ya kazi yake: chupa zilizoingia, majibu yaliyotoka. Mama Pacha alichungulia simu juu ya bega lake, akalitazama lile pande jeusi muda mrefu.

"Kwa hiyo hapo ndipo hapaonekani?"

"Ni heshima tu, Mama Pacha."

"Sawa," alisema taratibu. "Ningekuwa mimi, ningeacha hapo tu. Ningeziba kwingine kote."

Jumatatu, kabla ya kutoka kazini, Dada alifungua simu na kurudisha nyuma picha za siku nzima. Mama Pacha ameingia na beseni, ametoka na beseni. Ameingia na uji, ametoka na bakuli. Saa nane akafunga mlango, kamera ya geti ikamwonyesha uani akianika nguo. Baada ya hapo chumba kilitulia kama picha. Saa kumi kamili Mama Pacha akaingia tena, mikono mitupu. Akazama ndani ya sitara. Alikaa humo dakika ishirini na mbili. Alipotoka, ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumbwa, na kabla ya kuvuka mlango aliinua uso akaitazama kamera moja kwa moja.

Jumanne ikawa vile vile. Saa kumi. Mikono mitupu. Ngumi imefumbwa.

Dada hakuwa mtu wa kelele. Jumatano asubuhi alimkalisha mezani, akamwambia yeye mwenyewe ameshindwa kumwelewa, na ni heri waachane kwa wema. Akamwonyesha simu. Mama Pacha alijitazama humo bila kubadilika sura.

"Hujaona uongo," alisema. "Mkononi ni nywele. Nazichoma jikoni, naona vibaya kuziacha zizagae. Lakini mimi sisuki, Dada. Mimi nafumua."

"Unafumua alichosuka nani?"

"Sijawahi kumwona. Nikirudi kutoka uani nakuta tayari. Siku nyingine mistari miwili, siku nyingine mitatu. Nafumua kabla hujaja, ili kichwa kisije kikaisha."

"Kikiisha?"

Mama Pacha alinyanyuka, akajifunga mtandio wake. "Mwanamke huwa hasukwi kichwa kizima ili alale kitandani, Dada. Anakuwa na mahali pa kwenda."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ungesema ngoja uone."

Alikwenda kumuaga mgonjwa, akamshika mkono kwa muda, akaondoka na mfuko wake mmoja. Getini aligeuka. "Umfumue," alisema. "Hata kama hutaki kuniamini. Umfumue tu."

Kaka yake Dada, aliyekuwa akiishi mbali, aliahidi kwa simu kwamba msaidizi mwingine angefika Jumapili. "Mpaka hapo utafanyaje?" aliuliza.

"Maabara si mbali. Nitakuja saa saba kumlisha, nirudi kazini. Na kamera ipo."

"Kamera itamgeuza?"

"Kamera itaniambia, kaka. Ni siku tatu."

Jioni hiyo ya Jumatano alikuta mistari mitatu, juu ya sikio la kulia.

Alikaa kitandani na kurudisha picha nyuma. Tangu alipotoka yeye mwenyewe saa nane kasorobo, mlango haukufunguliwa. Dirisha lina nondo. Walioingia, sifuri. Waliotoka, sifuri. Akatazama mkono wa kulia wa mama yake, ule uliokuwa na uhai kidogo, na moyo ukamruka kwa furaha. Wagonjwa wa kiharusi hupona polepole, kidole kwa kidole. Alishaona. Kumbe muda wote huu mama alikuwa akijaribu, na yule mwanamke akiharibu kila siku!

"Mama, ni wewe? Umejisuka mwenyewe?"

Walikuwa na lugha yao. Kufumba macho mara moja ilikuwa ndiyo. Mama hakufumba. Macho yake yaliondoka usoni kwa binti, yakatua kwenye kigoda.

"Umechoka. Haya. Umependeza, lakini."

Hapo mama alifumba macho, mara moja, akafumbua.

Dada hakufumua. Alimpigia kaka yake, wakaongea kwa furaha mpaka simu ikapata joto. Huwezi kumlaumu. Nani angebomoa kazi ya mkono wa mama yake unaorudi?

Alhamisi mistari ilikuwa saba.

Imefika utosini sasa, imenyooka kama imepimwa kwa rula. Ngozi ya kichwa katikati ya mistari ilikuwa inang'aa mafuta. Dada aliinama akanusa. Hayakuwa mafuta ya nyumba ile. Alipekua kabati, akapekua bafuni, akajiambia labda ni yale ya zamani yaliyosahaulika mahali. Kisha akaona kwamba mistari imeanza upande wa kushoto wa kisogo, mahali ambapo mkono wa kulia wa mgonjwa aliyelala chali hauwezi kufika. Hata wa mzima haufiki hivyo.

Aliutazama mkono wa mama yake. Ulikuwa umekunjamana pale pale alipouweka mchana, juu ya mkunjo ule ule wa shuka.

Alianza kufumua mstari wa kwanza. Mama akatoa sauti. Si neno, ni mguno mdogo wa mtoto anayenyang'anywa kitu. Machozi yalimtoka upande mmoja. Dada akaacha.

"Basi, mama. Basi. Kesho."

Ijumaa alimlisha saa saba, akambusu paji la uso, akafunga mlango kwa ufunguo, na geti akalifunga kwa kufuli. Saa tisa maabara ilikuwa tulivu. Jua kali lilikuwa dirishani. Mwenzake alikuwa akipanga chupa na kuimba kwa pua. Dada alifungua simu.

Chumba kilikuwa na mwanga mzuri. Mlango umefungwa. Pazia limetulia. Sitara ipo mahali pake, nyeusi.

Kisha ukingoni mwa sitara, upande wa kigoda, kitu kikatokeza.

Kikarudi.

Kikatokeza tena.

Kilikuwa kiwiko. Kiwiko cha mkono mwembamba, mkono wa nguo umekunjwa juu yake. Kilitoka nje ya weusi, kikapanda, kikarudi ndani. Kikatoka. Kikapanda. Kikarudi. Bila haraka. Kila mwanamke anaujua mwendo ule. Ni kiwiko cha mtu anayesuka, anapovuta unywele kuubana.

Dada hakupiga kelele. Akachukua simu ya mezani, akampigia Fundi Waya, macho hayatoki kwenye ile ya kiganjani.

"Fundi," alinong'ona. "Ondoa sitara."

"Dada? Kuna nini?"

"Ondoa. Sasa hivi."

"Ngoja niwashe kompyuta hapa."

Kiwiko kilisimama. Kilibaki hewani, nusu nje, kama mtu aliyeacha kazi ili asikilize.

Kisha sitara ikafutika.

Mama alikuwa ameketi. Miaka miwili hakuwahi kuketi bila kushikwa. Alikuwa ameketi wima ukingoni mwa kitanda, mgongo kwa kamera, na kichwa kimeinamishwa pembeni, kimelala hewani, kama kichwa kilicholazwa kwenye mapaja ya mtu. Nyuma yake kigoda kilikuwa kitupu. Lakini mto wa kigoda ulikuwa umebonyea.

Kichwa cha mama kilivutwa kidogo. Kikatulia. Kikavutwa tena.

"Asante, fundi," Dada alinong'ona. "Nimeona. Asante kwa kuiondoa."

Upande wa pili, vidole vikaacha kugonga kibodi.

"Dada," Fundi Waya alisema, naye sasa akinong'ona. "Bado naingiza nywila. Sijagusa kitu."

Hakumbuki alivyofika. Anakumbuka kiatu kimoja kilibaki njiani. Fundi Waya, ambaye duka lake lilikuwa karibu zaidi, alimkuta getini akihangaika na kufuli, akamsaidia kwa sababu ufunguo haukuwa ukiingia. Kufuli lilikuwa zima. Mlango wa chumba nao ulikuwa umefungwa kama alivyouacha.

Mama alikuwa amelala chali. Shuka limenyooshwa mpaka kifuani, mikono yote miwili juu yake, hata ule uliokufa. Kichwa kizima kilikuwa kimesukwa, mistari kumi na mmoja, haina kasoro hata moja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa, akachukuliwa kwa wakati alioahidiwa.

Dada alimshika shingoni kutafuta mapigo. Alitafuta kwa muda mrefu, ingawa alijua tangu mguso wa kwanza.

Fundi Waya aliweka kiganja juu ya mto wa kigoda, akakiondoa upesi. Ulikuwa na joto.

Walimzika Jumapili. Wanawake waliomwosha waliuliza nani alimsuka vizuri namna ile, na Dada akasema hajui. Ndilo lilikuwa jibu la kweli.

Siku tisa baadaye, kaka yake alipokwisha kuondoka na nyumba imekuwa kimya, Fundi Waya alikuja kuzing'oa kamera. Alizima moja baada ya nyingine, akisema machache. Alipofika kwenye ya sebuleni alisita, simu mkononi.

"Dada, hii sitara ya huku uliiweka wewe?"

Dada alichungulia. Sebule yote ilionekana, viti, meza, picha ukutani. Lakini juu ya kochi refu, lile alilokuwa akijilaza kila mchana tangu msiba kwa kuwa hakuweza kuingia vyumbani, palikuwa na pande jeusi la pembe nne. Lilikuwa limekatwa vizuri. Lilifunika kochi, na nafasi kidogo pembeni yake, ya kutosha kigoda.

"Tangu lini?" aliuliza.

Fundi Waya alirudisha picha nyuma. "Jumatatu ile ya baada ya mazishi," alisema. "Kila siku saa tisa linakuja. Saa kumi linaondoka." Alitazama saa yake, akalitazama lile kochi. Kamera ile aliiacha ukutani. Alitoka na ngazi yake bila kuikunja.

Dada alipandisha mkono wake taratibu mpaka juu ya sikio la kulia.

Jioni ile Mama Pacha alikuwa uani kwake akipepeta mchele. Hakushangaa kumwona. Alisogeza ungo, akaweka mkeka.

"Nimekuja kuomba radhi," Dada alisema. "Nilikukosea. Ningekusikiliza, mama angekuwa hai."

"Labda." Mama Pacha alifikiri. "Au labda mimi ndiye niliyekuwa nikimchelewesha. Alikuwa akilia nikimfumua, hukujua hilo. Nimejiuliza sana. Hukunikosea, Dada. Ulisema ulichokiona."

Mama Pacha akavua mtandio, akajipapasa kipara chake. "Mimi nilinyoa wiki ya kwanza niliyoanza kazi kwenu," alisema. "Nilijilaza mara moja tu pale sebuleni mchana. Mara moja."

Dada aliketi mkekani, akampa mgongo, akavuta kitambaa chake kichwani.

"Nifumulie," alisema.

Vidole vya Mama Pacha vilikuwa vya moto na vya kawaida, vidole vya mtu. Vilianza na mstari wa kwanza, vikafumua polepole kutoka nchani. Nusu ya njia vikasimama.

"Una umri gani, Dada?"

"Thelathini na nne. Kwani vipi?"

Mama Pacha alinyoosha mkono mbele ya uso wa Dada, na katikati ya kiganja, pamoja na nywele zake fupi nyeusi, zilikuwepo nyingine zilizokuwa zimesukiwa ndani ya msuko wake kwa ustadi, ndefu, laini, nyeupe, zinazonuka mafuta yale ya kichwani kwa mama.